Kutoa na kupima volti na ampea: mwongozo kwa fundi anayeanza

Maswali ya wanaoanza ufundi wa elektroniki ni yale yale, ukiwa Darajani mjini Unguja au ukiwa Wete kule Pemba. Mbona mita inasoma sifuri na taa inawaka? Mbona nimeweka volti 12 na saplai (chombo cha kutolea umeme) inagoma kwenye 3? Mbona mita yangu inapima volti vizuri lakini ampea haisomi tena? Mbona bodi imetoa moshi, na volti nilizoipa ndizo zilizoandikwa juu yake?

Maswali hayo yote yana mzizi mmoja. Mtu amejifunza kuweka volti, lakini hajajifunza kuweka kikomo cha ampea, wala hajajua mita ikae wapi ndani ya njia ya umeme. Mwongozo huu ni wa mambo hayo mawili. Ukiyashika, saplai na mita vitakuwa macho yako: utajua hali ya bodi kabla hujaigusa kwa pasi ya risasi ya kulehemu.

Kazi yote hapa ni ya umeme wa DC (usiogeuza mwelekeo, kama wa betri) usiozidi volti 30. Umeme wa ukutani, wa volti 230, haumo. Usifungue saplai yenyewe, na usiingize ncha za mita kwenye soketi ya ukutani kwa sababu tu umesoma mwongozo huu. Kipimo hicho kina mita yake, nyaya zake na mwalimu wake wa kusimama karibu nawe.

Vitu vya kuwa navyo

- Saplai ya mezani yenye nobu ya volti na nobu ya ampea. Ya volti 0 hadi 30 na ampea 0 hadi 5 inatosha kwa kazi nyingi za karakana. Adapta ya ruta au chaja ya simu si badala yake, maana volti zake hazibadiliki utakavyo na kikomo chake hukiweki wewe.
- Mita ya dijitali. Mbili ni bora, moja ikae kwenye volti na nyengine kwenye ampea.
- Fyuzi za akiba za mita, zenye ampea na volti zile zile zilizoandikwa kwenye mita.
- Nyaya nyekundu na nyeusi zenye vibanio vya mamba, nene kiasi. Zile nyembamba za rangi rangi zinazouzwa kwa furushi zinafaa kwa miliampea tu.
- Rizista, yaani vijidude vya kuzuia umeme ambavyo ukinzani wake hupimwa kwa omu: chache za omu 220 (nyekundu, nyekundu, kahawia) na moja ya omu 100 (kahawia, nyeusi, kahawia). Pia ledi, zile taa ndogo za kielektroniki, nyekundu na nyeupe.
- Daftari na kalamu.

Nieleze kidogo kuhusu mita, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopoteza pesa zao. Ile ndogo ya manjano ya bei nafuu, ya familia ya DT830, inafaa kwa kujifunzia. Lakini soma maandishi ya usoni mwake: tundu la ampea 10 kwa kawaida halina fyuzi, na mkondo (umeme unaopita, unaohesabiwa kwa ampea) ukiwa mkubwa unatakiwa upite kwa sekunde 10 tu, kisha uipumzishe mita. Ukiweza kuongeza pesa, nunua yenye fyuzi kwenye matundu yote mawili ya ampea. Mimi ningeahirisha kununua saplai ya kifahari ili nipate mita nzuri, maana saplai ya wastani unaweza kuihakiki kwa mita nzuri, lakini mita mbovu itakudanganya hata ukiiunga na saplai ya ghali.

Na sisi tunaoishi karibu na bahari tuna adui mwengine, nao ni unyevu wenye chumvi. Vibanio vya mamba vinaota ukungu wa kijani, ncha za mita zinafifia, matundu ya saplai yanashika kutu kwa ndani. Kabla ya kuanza, weka mita kwenye omu na gusisha ncha zake mbili. Isome chini ya omu 0.5. Ikisoma omu 2 au 3, au namba ikirukaruka, safisha ncha kwa msasa laini na spiriti, kisha jaribu tena. Fanya hivyo hivyo kwa kila waya wenye kibanio, ukiupima mwanzo hadi mwisho. Kazi ya dakika chache hiyo, na itakuepusha na asubuhi nzima ya kumtafuta mchawi ambaye hayupo. Ukimaliza kazi, vitu vyote virudi kwenye kopo lenye mfuniko, khasa wakati wa masika.

Hesabu unayohitaji

Volti gawanya kwa omu, unapata ampea. Volti mara ampea, unapata wati. Kwa mwongozo huu hayo yanatosha. Kumbuka kwamba ampea 1 ni miliampea 1000.

Hatua ya 1: Washa saplai ikiwa tupu

Usiunge kitu chochote. Rudisha nobu zote mbili chini kabisa, washa, kisha ongeza ampea kidogo na upandishe volti hadi kioo kisome 5.00. Sasa weka mita kwenye volti za DC, yaani V yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake, kiwango cha 20. Waya mweusi kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la V. Gusa matundu ya saplai: mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi.

Mita ikisoma 4.97 au 5.03, sawa. Ikisoma 4.6, mojawapo inakosea. Tafuta mita ya tatu ya kuamulia kabla hujaendelea.

Tahadhari: saplai nyingi zina tundu la tatu, la kijani. Hilo ni la ardhi. Si hasi. Ukiunga kati ya jekundu na la kijani mita itasoma sifuri au namba isiyo na maana, na utadhani saplai imekufa. Jekundu na jeusi ndiyo njia yako. La kijani liache.

Hatua ya 2: Weka kikomo cha ampea

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo iliyomeza bodi nyingi. Volti unakipa wewe kifaa. Ampea kifaa kinazivuta chenyewe kadiri kinavyotaka. Kifaa kizima kinavuta kiasi chake na kuridhika. Kifaa chenye shoti kinavuta kila kilichopo. Kikomo ndicho kinachoiambia saplai: hapa usivuke, hata kikililia.

Fanya hivi:

a. Weka volti chini, kama 3.
b. Rudisha nobu ya ampea kwenye sifuri.
c. Unganisha waya mwekundu na mweusi wa saplai pamoja. Ndiyo, shoti ya makusudi. Saplai ya mezani yenye kikomo imetengenezwa kuistahimili.
d. Pandisha ampea polepole hadi kioo kisome kikomo unachokitaka. Kwa somo hili weka 0.05, yaani miliampea 50.
e. Tenganisha nyaya, kisha rudisha volti kwenye 5.00. Nobu ya ampea usiiguse tena.

Saplai nyengine zina kitufe cha kuonesha kikomo bila ya kufanya shoti. Kama yako inacho, kitumie. Na kama ina kitufe cha kutoa na kuzuia umeme, kiwe kimezuia kila unapounga nyaya.

Angalia taa mbili ndogo usoni mwa saplai. CV inawaka pale saplai inaposhikilia volti ulizoziweka. CC inawaka pale ilipofika kwenye kikomo cha ampea. Hapo volti zinashuka zenyewe ili mkondo usizidi. Nyaya zilipogusana iliwaka CC, na volti zilishuka karibu na sifuri. Hilo ndilo jibu la yule anayelalamika kwamba ameweka 12 na saplai inagoma kwenye 3: saplai haijagoma, imefika kwenye kikomo.

Kikomo kiwe kiasi gani? Kadiria mkondo ambao kifaa kinahitaji, kisha ongeza kidogo. Kifaa kinachotakiwa kuvuta miliampea 200, kikomo cha 300 kinatosha. Usiweke ampea 5 eti kwa sababu saplai inaweza.

Hatua ya 3: Unga rizista, ukiwa umeshaandika jibu

Zuia umeme. Unga rizista ya omu 220 kati ya waya mwekundu na mweusi. Kabla hujawasha, andika daftarini unachokitegemea: 5 gawanya kwa 220 ni 0.0227, basi miliampea 22.7. Wati: 5 mara 0.0227 ni 0.11, na rizista ya robo wati inaibeba bila shida.

Kuandika kwanza si mchezo wa skuli. Anayesubiri mita imwambie ataamini chochote inachokisema, hata ikiwa imewekwa kwenye kiwango kibaya. Aliyeandika 22.7 akaona 227 atasimama ajiulize.

Washa. Kioo cha saplai kitasoma 0.02 hivi. Saplai nyingi za bei ya kawaida zinahesabu kwa hatua za miliampea 10, kwa hiyo zinakosa usahihi wa kazi ndogo kama hii. Ndiyo maana tunahitaji mita.

Hatua ya 4: Pima volti juu ya rizista

Umeme ukiwa unapita, gusa mguu mmoja wa rizista kwa ncha nyekundu na mguu wa pili kwa ncha nyeusi. Hukati chochote, hufungui chochote. Volti zinapimwa baina ya nukta mbili, mita ikiwa ubavuni mwa kifaa.

Gusa miguu ya rizista yenyewe, si matundu ya saplai. Kwa rizista hii hutaona tofauti. Kwenye hatua ya 9 utaiona, tena kubwa.

Hatua ya 5: Pima ampea, kwa kukata njia

Hapa mambo yanageuka. Mita ya ampea ni kama karani anayesimama mlangoni mwa boti pale bandarini Malindi, Unguja: abiria wote lazima wapite mbele yake mmoja mmoja ndipo awahesabu. Akisimama pembeni hahesabu kitu.

a. Zuia umeme.
b. Hamisha waya mwekundu wa mita kutoka tundu la V hadi tundu la mA, yaani miliampea. Kwenye mita za DT830 V na mA ni tundu moja, basi uache hapo hapo. Mweusi unabaki COM.
c. Zungusha mita hadi ampea za DC, kiwango cha miliampea 200. Kama hujui mkondo utakuwa kiasi gani, anza na tundu la ampea 10, kisha shuka.
d. Chomoa waya mwekundu wa saplai kwenye rizista. Hapo umeikata njia.
e. Waya mwekundu wa saplai uunge na ncha nyekundu ya mita. Ncha nyeusi ya mita iunge na mguu wa rizista ulioachwa wazi.
f. Washa, soma.

Utaona baina ya 21.5 na 24. Rizista yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kupotoka asilimia 5, kwa hiyo ukisoma 22.1 au 23.4 mita haijakosea na wala wewe hujakosea. Ukisoma kwa alama ya kutoa mbele, ncha umezigeuza tu, hapana kilichoharibika.

Jaribu pia kwenye tundu la ampea 10. Mita itasoma 0.02. Kiwango kikubwa kwa mkondo mdogo kinakula tarakimu zako.

Hatua ya 6: Rudisha waya wa mita mahali pake, sasa hivi

Kabla hujanyoosha mgongo, toa waya mwekundu kwenye tundu la mA na uurudishe kwenye tundu la V. Kama V na mA ni tundu moja, zungusha mita irudi kwenye volti.

Naisimamia hatua hii peke yake kwa sababu ndiyo inayojibu lile swali la mita isiyosoma ampea. Mita ikiwa kwenye ampea, ndani yake kuna njia inayopitisha umeme karibu bila ya kizuizi, pengine omu 1 au chini ya hapo. Ukisahau waya kwenye tundu la ampea, kisha ukaenda kupima volti za betri, umeifunga betri shoti kwa mkono wako. Kwenye tundu la mA, fyuzi inakatika, na mita itaendelea kupima volti kama kawaida, ndiyo maana hutambui hadi siku utakapotaka ampea. Kwenye tundu la ampea 10 lisilo na fyuzi, na betri ikiwa ya gari, zinaweza kupita mamia ya ampea: nyaya zinayeyuka mkononi mwako.

Fyuzi ikikatika, weka fyuzi ya aina ile ile. Usizungushie waya, wala karatasi ya sigara. Fyuzi hiyo haiilindi mita peke yake, inalinda na uso wako.

Hatua ya 7: Toa mkondo, pima volti

Hadi sasa umetoa volti na ukapima mkondo. Sasa geuza kazi.

Unga ledi nyekundu ikifuatana na rizista ya omu 100: mguu mrefu wa ledi upande wa chanya. Volti ziwe sifuri, kikomo miliampea 20 au karibu na hapo kadiri saplai yako inavyoweza. Washa, kisha pandisha volti polepole huku mita ikipima juu ya miguu ya ledi peke yake. Mwanzo hapana kitu: volti 1, volti 1.5, ledi imezima na mkondo ni sifuri. Karibu na 1.7 inaanza kuwaka. Endelea hadi taa ya CC iwake. Juu ya ledi utasoma karibu volti 1.9 au 2, na ukiendelea kuzungusha nobu ya volti hazitapanda tena, maana sasa saplai inalinda mkondo. Rudia na ledi nyeupe: utapata karibu 3.

Andika safu mbili daftarini, volti na miliampea, kwa kila hatua ndogo. Utaona kwamba ledi haifuati ile hesabu ya rizista. Volti zikizidi kidogo, mkondo unazidi sana. Ndiyo sababu taa za ledi hulishwa kwa mkondo uliopimwa, si kwa volti peke yake, na ndiyo sababu anayeibandika ledi tupu kwenye betri anaiua.

Tahadhari: kwa nini nimeibakisha rizista ya omu 100 wakati kikomo kipo? Kwa sababu ndani ya saplai, kwenye mdomo wake, kuna kapasita, kijidude kinachohifadhi umeme, iliyojaa. Ukiunga ledi tupu na saplai ikiwa imeshawashwa kwenye volti 12, kapasita inamwaga umeme wake kabla kikomo hakijawahi kushika. Daima unga kwanza, kisha ndipo uwashe au upandishe volti.

Hatua ya 8: Bodi ya simu

Hii ndiyo kazi inayowaleta wengi kwenye saplai, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Betri ya lithiamu ya simu ikijaa inafika volti 4.2 kwa aina za kawaida. Weka saplai kwenye 4.0, kikomo ampea 1 kwa kuanzia. Toa betri. Unga chanya na hasi kwenye kiunganishi cha betri cha bodi, ukihakikisha kwa macho na kwa mita upande upi ni upi. Ukigeuza nyaya hapa kikomo hakitakuokoa. Mita, kama unaitumia, iwe kwenye tundu la ampea 10. Simu inapowaka inavuta kwa mikupuo, na fyuzi ya tundu la mA haitaistahimili.

Washa saplai, usibonyeze kitufe cha simu. Angalia.

Simu nzima iliyozimwa inasoma sifuri au karibu na sifuri. Sasa bonyeza kitufe cha kuwasha: mkondo unapanda, unashuka, unapanda tena hadi mamia ya miliampea, namba hazitulii. Kutotulia huko ni dalili njema, ubongo wa simu unafanya kazi. Mkondo ukipanda kidogo ukaganda hapo hapo kama uliopigiliwa msumari, simu imeanza safari na imekwama njiani. Usipopanda kabisa, anza na kitufe chenyewe na njia yake.

Na kama mkondo umepanda kabla hujabonyeza chochote, kuna kinachovuja kwenye njia kuu ya betri. Taa ya CC ikiwaka papo hapo na volti zikaanguka, hiyo ni shoti kamili. Simu zilizoingia maji ya bahari zinaonesha hivyo mara nyingi: chumvi hujenga njia ya umeme baina ya nukta zisizotakiwa kukutana. Zuia umeme mara moja. Safisha bodi kwa spiriti na burashi laini, iache ikauke kabisa, pima upya.

Ikiwa shoti ipo bado, mtafute mkosaji kwa joto. Shusha volti hadi 1, kikomo ampea 1, washa, kisha paka spiriti nyembamba juu ya bodi. Mahali inapokauka kwanza ndipo penye kijidude kinachovuta mkondo. Pasi ya risasi iwe mbali na imezimwa, dirisha liwe wazi. Spiriti inashika moto. Usipandishe volti juu kuliko zile ambazo njia hiyo imezoea. Unatafuta mgonjwa mmoja, usiue na majirani zake.

Hatua ya 9: Volti za saplai si volti za kifaa

Chukua taa ya kuvulia dagaa ya volti 12 inayovuta ampea 3. Mvuvi anasema betri nzima, taa nzima, lakini mwanga hafifu. Iweke kwenye saplai: volti 12, kikomo ampea 3.5. Pima kwenye matundu ya saplai: 12.0. Pima kwenye vituo vya taa yenyewe: 11.0. Volti 1 imekwenda wapi?

Iko kwenye waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.34. Zidisha kwa ampea 3, unapata volti 1. Ukitumia wa milimita za mraba 1.5, upotevu unashuka hadi theluthi yake. Na kama viungio vimeota chumvi, upotevu ni mkubwa zaidi, na kiungio kinapata moto. Weka ncha moja ya mita kabla ya kiungio na nyengine baada yake, taa ikiwa inawaka. Kiungio kizima kinasoma sehemu ndogo sana ya volti. Kikisoma 0.4, umempata.

Kwa hiyo siku zote volti zipimwe juu ya mzigo, kwa nyaya nyengine zisizobeba mkondo wa mzigo. Saplai za daraja la juu zina matundu mawili ya ziada kwa kazi hiyo hiyo: nyaya mbili zinapeleka mkondo, mbili zinahisi volti kule mwisho, na saplai inafidia yenyewe.

Paneli ya sola: pale saplai ni jua

Kwenye vijiji vya Pemba na vya kaskazini ya Unguja swali hili huja kila mara: paneli hii nzima au mbovu? Paneli ni chanzo chenye kikomo chake cha asili, kwa sababu mkondo wake unatoka kwenye mwanga. Basi hapa, na hapa peke yake, unaruhusiwa kuweka mita ya ampea moja kwa moja baina ya chanya na hasi.

Ing'oe paneli kwenye betri na kontrola yake kabisa. Iwe juani mchana, imefutwa vumbi. Pima volti kwanza: paneli ya wati 10 kwa mfumo wa volti 12 inasoma karibu 21 ikiwa haina mzigo. Hamisha waya kwenye tundu la ampea 10, ifunge kwa sekunde chache: utapata karibu ampea 0.6 jua likiwa kali. Linganisha na maandishi ya nyuma ya paneli. Volti nzuri na ampea kidogo: kivuli, uchafu, au seli zilizochoka. Volti nusu tu: sehemu ya mnyororo wa seli haifanyi kazi. Usifanye kipimo hiki cha pili kwenye betri hata mara moja. Kwa anayetaka kuingia zaidi kwenye sola, kituo cha Barefoot College pale Kinyasini, Unguja, kimekuwa kikiwafunza wanawake ufundi huo.

Kuhusu mashine inayofanya yote mawili

Kuna chombo kimoja kinachotoa volti na kupima mkondo, au kutoa mkondo na kupima volti, kwa wakati mmoja na kwa usahihi mkubwa. Keithley 2400 ni mfano unaojulikana sana: inafika volti 200 au ampea 1, nguvu yake ikiwa wati 20 hivi. Inaweza kutoa umeme na inaweza kuunyonya, kwa hiyo inaipima betri ikijaa na ikitoka. Ukikutana nayo maabara usiiogope. Ina kikomo, kinawekwa kwanza kama ulivyofanya hatua ya 2, na ina matundu manne kama nilivyoeleza hatua ya 9. Kwa simu na redio karakanani huihitaji.

Mambo yakikwama

*Mita inasoma sifuri kwenye ampea, na kifaa kinafanya kazi.* Mita haimo njiani. Umeiweka ubavuni, na waya mwekundu umebaki kwenye tundu la V au fyuzi ya mita imekatika.

*Mita inasoma sifuri, na kifaa nacho kimekufa tangu uiunge mita.* Fyuzi ya mita imekatika, au waya mwekundu umebaki kwenye tundu la V: njia imekatika. Waya ukiwa mahali pake, itoe fyuzi uipime kwa omu. Nzima inasoma karibu na sifuri.

*Mita inaonesha 1 peke yake upande wa kushoto, au OL.* Kipimo kimezidi kiwango. Panda kiwango kimoja.

*CC inawaka mara tu ninapounga, hata kwa kifaa kizima.* Kikomo ni kidogo mno. Globu ya gari, kwa mfano, ikiwa baridi inavuta mara nyingi zaidi ya ikiwa imeshawaka. Mota nazo hivyo hivyo zinapoanza. Ongeza kikomo kidogo kidogo, na usimame ukiona kimepita mara mbili au tatu ya mkondo wa kawaida wa kifaa.

*Simu inajizima kila inapotaka kuwaka kwenye saplai.* Pima volti kwenye kiunganishi cha bodi wakati inawaka. Zikishuka chini ya 3.5, nyaya zako ni nyembamba au vibanio vina kutu. Au kikomo ni kidogo, ongeza hadi ampea 2. Toa na mita ya ampea njiani ujaribu bila yake, maana nayo inakula volti kidogo. Baadhi ya simu pia hazikubali kuwaka mpaka zione pini za kati za betri. Hizo zinahitaji waya maalumu.

*Volti zinarukaruka nikiwa sijagusa kitu.* Gusa waya wa saplai uutikise. Kama namba inacheza, tatizo ni kiungio. Kama inacheza kila friji ya nyumbani inapoanza, umeme wa ukutani unashuka. Iweke saplai kwenye stebilaiza.

*Mita inaonesha volti kubwa kuliko inavyotakiwa, kwa kila kitu.* Angalia alama ya betri kwenye kioo. Mita za bei nafuu zikiishiwa betri ya volti 9 huanza kusoma juu: betri ya tochi ya 1.5 inasomeka 1.9. Badilisha betri, kisha vipime upya vyote ulivyovipima siku hiyo.